Kitabu cha Wafunika-pua

Ndoo ya kunawia mikono imerudi mlangoni mwa zahanati yetu hapa Mikumi, na maji yake yametiwa klorini. Nilinawa juzi nilipokwenda kupima presha, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa nanusa viganja vyangu. Wengi wa rika langu wakisikia harufu ile hukumbuka miaka ya korona. Mimi humkumbuka mama yangu amesimama kando ya kitanda cha kamba cha bibi, kitanda kimetolewa nje juani, kimelowa dawa, naye amekatazwa kukigusa.

Nilimkuta mjukuu wangu Rehema amejikunja kwenye kochi na simu yake. Mtoto huyu anaogopa mende, anaogopa radi, lakini hasomi kingine siku hizi ila hadithi za magonjwa. Ugonjwa usio na jina unatoka porini, unaingia mjini, watu wanaanguka sokoni, na daktari mmoja tu ndiye anayeelewa kinachotokea.

"Shikamoo bibi. Subiri kidogo, mji unafungwa."

"Marahaba. Mji gani huo?"

"Wa kwenye hadithi. Wameweka wanajeshi barabarani, hakuna kutoka. Bibi, tamu hii! Nusu ya watu wameshakufa."

"Nusu wamekufa, na wewe unasema tamu?"

"Si watu wa kweli, bibi. Halafu daktari ameshaanza kuijua dawa. Njoo ukae nikusomee."

Nikamwambia siku nyingine. Akanitazama kwa huruma, kama vijana wanavyotutazama sisi wenye miwani. "Bibi nawe! Umezoea mapambio tu, vitu vya kutisha huviwezi." Nikacheka naye, nikaenda kuvua viatu. Angejua kwamba nilipokuwa mdogo kuliko yeye niliwahi kukipenda kitabu cha namna hiyohiyo kwa moyo wangu wote, na nikakisoma kwa sauti mpaka baadhi ya kurasa nikazijua kwa kichwa.

Nilizaliwa milimani, upande wa Mamboya, kwenye nyumba ya udongo iliyotazama bonde. Kaka yangu mkubwa alikuwa anasoma Morogoro, na likizo moja alirudi na kitabu kisicho na jalada alichokipata kwa mwenzake wa bwenini kwa kubadilishana na kandambili. Kilikuwa chembamba, karatasi zake rangi ya uji wa ulezi, na kilinuka mafuta ya taa. Likizo ilipokwisha alikiacha chini ya godoro, na mimi nikakirithi.

Sikukisoma peke yangu. Bibi yangu, mama yake baba, alibatizwa misheni akiwa msichana, na alijua kusoma, ila macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilimsomea. Kwanza Maandiko, yale yale yaliyosomwa asubuhi, maana hakumwamini sana msomaji wa kanisani. Alisema anameza maneno. Kisha alijiweka vizuri kwenye mkeka, akavuta ungo wa maharage magotini, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kuongezewa nyama, "Haya, sasa lete kile kingine."

Katika kile kingine, ugonjwa ulianzia kwenye kisima cha mji ambao mwandishi hakuutaja. Watu waliamka wazima, na jua lilipotua walikuwa wamekauka kama ngozi iliyowambwa. Akaja daktari kijana kwa gari, yeye na wenzake, wamefunika pua na midomo kwa vitambaa vyeupe. Leo tungesema wamevaa barakoa. Bibi aliwaita wafunika-pua, na nyumbani kwetu jina likabaki hilo. Wenyeji waliwaogopa. Mtu mmoja akamficha mkewe mgonjwa ghalani, akamfunika kwa magunzi ya mahindi. Daktari akapita nyumba kwa nyumba, akafika pale, akanyamaza, akasikia pumzi. Hapo ndipo bibi alipokuwa akiacha maharage.

"Mtoeni!" alimpigia kelele yule mume wa kitabuni. "Mjinga we, mtoe! Utamuua kwa mapenzi yako!"

Daktari akapanda ghalani, akamtoa yule mwanamke amembeba mikononi kama mtoto, akamtia garini. Sura mbili mbele yule mwanamke alishuka kwenye gari lile lile kwa miguu yake mwenyewe, na wanawe wakamkimbilia. Bibi alilia kila mara. Tulipokimaliza alisema nianze upya. Jumatatu asubuhi, kwenye sala ya nyumbani, alimwombea yule mwanamke wa ghalani.

"Lakini mama," mama yangu akasema baada ya amina, "yule si mtu. Ni maneno ya kitabuni."

"Basi Mungu atajua wa kumpelekea," bibi akajibu, akaenda kuchochea moto.

Msikilizaji wa tatu alikuwa Mzee Masanja, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge Kimamba, akaoa, akapanda milimani kwetu kulima. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa utani. Wazee wetu walisema ulianza enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita kwetu Wakaguru na mizigo kichwani. Masanja alikuwa mtani wa nyumba yetu. Kwenye furaha alitunyang'anya nyama, na kwenye msiba ndiye aliyechimba kaburi, akavaa nguo za marehemu, akaigiza sauti yake mpaka wafiwa wakacheka huku wanalia. Kwa desturi hiyo bibi alikuwa mke wake, naye alikuwa mpagazi wa bibi.

"Mke wangu hujambo?" angesema akiegemeza baiskeli ukutani. "Naona bado unapumua. Nimeshachoka kungoja urithi."

"Tua mzigo kwanza, mpagazi, ndipo uniamkie. Na ukae mbali, unanuka mkonge."

Alikaa kizingitini, akachonga mpini wa jembe, akajifanya hasikilizi. Lakini tukifika kwenye ghala kisu kilisimama. Wakati mmoja bibi alipopiga ukelele wake wa "Mtoeni!", Masanja akasema, "Wewe kikongwe, siku ukiharisha hivyo, mimi mwenyewe nakwenda kuwaita wafunika-pua. Wakuchukue nioe kigori."

"Utakwenda na nini? Baiskeli yenyewe huijui, unaipanda kama unapanda punda!"

Hata baba, mzee wa kanisa ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama sukari, alicheka siku hiyo.

Nimekaa na kitabu kile moyoni miaka mingi nikijiuliza kwa nini tulikipenda. Kilitutisha, ndiyo, lakini kwa hofu iliyokuwa na mlango: ukichoka unafunga kitabu, maharage yako palepale kwenye ungo, kuku wanapita. Kilitupa pia mtu mmoja anayejua. Maisha yetu ya milimani hayakuwa na mtu wa namna hiyo. Mtoto alipougua waliitwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na neno lake, na mtoto alipona au hakupona bila yeyote kujua sababu. Kitabuni sababu ilikuwepo. Ilikuwa kisimani, na daktari aliiona.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo nililijua baadaye. Kitabu cha namna ile humpakia msomaji garini. Unaingia kijijini pamoja na wafunika-pua. Nyumba ya mgonjwa unaiona kwa nje, na aliyeificha unamwita mjinga. Mimi nilikisoma mara nyingi kuliko nguo nilizokuwa nazo, na sikumbuki kama niliwahi hata mara moja kulala ghalani, gizani, pamoja na yule mwanamke.

Kipindupindu kilikuja na mvua. Kilianza chini, Kilosa na vijiji vya mtoni, baada ya maji kuingia vyooni na visimani. Tukasikia kuna kambi imefunguliwa bondeni, kwenye madarasa ya shule. Tukasikia pia kwamba waingiao hawatoki, na wakifa hunyunyiziwa dawa, hufungwa kwenye turubai na kuzikwa na watu wasiowajua. Bibi alikuwa ameshuka Magomeni, mjini Kilosa, kumzika binti wa dada yake. Alirudi amechoka, akasema ni njia. Kesho yake kabla ya mchana alikuwa hawezi kusimama.

Baba hakumwita mtu. Alimhamishia bibi chumba cha ndani, kule tulikoweka magunia ya mahindi, akafunga dirisha. Mama alimnywesha uji mwepesi wenye chumvi na maji ya mchele, akafua mashuka nyuma ya nyumba, akaanika mahali pasipoonekana kutoka njiani. Baba akatuita. "Bibi yenu ana homa. Akiuliza mtu, ni homa. Mmesikia?" Tukaitikia. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema uongo, na nilipenda kuamini kwamba ni homa kweli kwa sababu yeye ndiye aliyesema.

Niliingia kumwona. Macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama. Alinitambua kwa hatua zangu. Midomo ilikuwa mikavu lakini alitabasamu upande mmoja.

"Baba yako," alisema taratibu, "amenitia ghalani."

Nami nikatabasamu. Nilidhani ananiambia kwamba sasa tumo ndani ya hadithi yetu.

Masanja alikuja siku hiyo kama kawaida. Baba alimwahi mlangoni, akajaza uwazi wote kwa mabega.

"Leo mke wangu hajatoka kunitukana," Masanja akasema. "Ameachika?"

"Ana homa kidogo, mtani."

Masanja alitazama upande wa nyuma ya nyumba, alikokuwa mama na ndoo. Akavuta pumzi kwa pua. Kisha akacheka kicheko chake kile kile.

"Homa hii mbona inanuka hivi? Haya, mimi nashuka bondeni kuwaita wafunika-pua. Wamchukue kikongwe huyu nipumzike."

Baba akacheka. Namkumbuka vizuri, mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Nenda, mpagazi! Ukirudi uniletee na sukari."

Na kutoka chumba cha ndani tukasikia sauti nyembamba: "Mwambieni asisahau, baiskeli inapandwa kwa kutazama mbele."

Tukacheka sote, mama akiwa na mikono yake kwenye ndoo ile. Masanja akapanda baiskeli, akateremka. Tulijua anakwenda shambani. Maneno ya mtani hayabebi uzito. Ndiyo maana huruhusiwa kusema chochote. Hakuna mtu kwetu ambaye angemshika mtani kwa neno lake, kama vile huwezi kumkamata kuku kwa kivuli chake.

Gari lilifika jua likiwa limeinama. Nililisikia kabla sijaliona, likiunguruma kwenye makorongo, na moyo wangu ukaanza kupiga kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, na siogopi kusema hivyo, nilikuwa mtoto. Wakashuka watu wanne wenye mabuti ya mpira na vitambaa usoni, mmoja amebeba bomba la dawa mgongoni. Walikuwa ni wao kabisa. Kitabu kilikuwa kimepanda mlima, kikafika nyumbani kwetu. Kutoka kiti cha mbele, kando ya dereva, akashuka Masanja.

Baba alisimama mlangoni. "Mtani. Umefanya nini?"

"Nilikuaga, mtani."

"Umefanya nini, Masanja?" Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina.

"Nilikuaga," Masanja akasema tena, na safari hii sauti yake haikuwa na mchezo. "Nilikuaga mbele ya watoto, ukacheka."

Wafunika-pua hawakungoja mazungumzo yaishe. Wakaingia, wakamtoa bibi kwa machela. Hakuna aliyembeba mikononi kama mtoto. Mmoja alilalamikia kichwa cha mlango, kwamba ni kifupi. Mama tumbo lilikuwa limeanza kumkata, naye alikuwa amemficha hata baba. Walimwona, wakampa dawa palepale. Wakanyunyizia nyumba, kisima, kitanda, hata mkeka wetu wa Jumapili, na harufu ile ikaingia mpaka kwenye meno. Wakasema hakuna wa kumfuata mgonjwa. Baba alitaka kupanda nyuma ya gari. Wakamzuia kwa mkono kifuani, bila ukali, kama unavyomzuia mbuzi. Bibi alikuwa amefumba macho. Masanja akarudi kukaa mbele, nadhani ili kuwaonyesha njia ya kutokea.

Gari likaondoka. Baba akakaa chini pale pale mlangoni. Mama akaanza kulia, na mimi nikamwendea, nikamshika kanga.

"Mama, usilie. Hii ndiyo ile ya gari. Ikishapita hii, anapona."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani. Hakunigombeza. Akanivuta, akanifunika kichwa kwa kanga yake yenye harufu ya dawa, nami chini ya kanga ile nikajisikia fahari, kwamba katika nyumba nzima ni mimi tu ninayejua kinachofuata.

Nikaanza kungoja. Nilikaa kwenye jiwe linalotazama njia, nikipanga jinsi nitakavyokimbia gari likitokea. Nilikata shauri nisiwe wa kwanza kumkumbatia, nimwachie baba, kwa kuwa ni mama yake. Mvua ilinyesha ikakatika. Kisha asubuhi moja akapanda mwenyekiti wa kijiji, akasimama mbali, penye mgomba wa mwisho, asivuke. Akamwita baba kwa sauti.

"Habari si nzuri, mzee. Mama amelala. Wameshamzika jana."

"Wapi?" baba akauliza.

"Huko huko bondeni. Hawakuonyesha mtu. Wamewaweka pamoja, na chokaa juu."

Nilirudi ndani, nikakichukua kitabu, nikafungua kurasa za gari. Yule mwanamke alikuwa anashuka kwa miguu yake, na wanawe wanamkimbilia, herufi zile zile, hakuna hata moja iliyosogea. Nimeumizwa na watu katika maisha yangu, na wengi wao nimewasahau. Lakini kuumizwa na kitu ulichokisoma kwa sauti yako mwenyewe, kila Jumapili, ukimwahidi mtu mzee kwa kinywa chako! Sikukichana wala kukichoma. Nilikirudisha chini ya godoro, na nilipolala nilikisikia mgongoni.

Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo hapakuwa na matanga ya kusema. Majirani walisimama njiani, wakatoa pole kwa mbali, wakaenda zao. Kaburi la kuchimba halikuwepo, nguo za marehemu zilikuwa zimechomwa, na aliyestahili kuzivaa alikuwa Masanja.

Alikuja siku ya tatu. Akaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa shamba badala ya ukutani kwetu. Akavua kofia. Nilikuwa mlangoni, na nilimngoja afanye kazi yake. Nilingoja achechemee kama bibi, aseme kwa sauti ya bibi kwamba msomaji wa kanisani anameza maneno. Akafika mbele ya baba.

"Poleni," akasema.

Basi. Poleni, kama mtu baki. Hapo nikaelewa, mtoto kama nilivyokuwa, kwamba yaliyotokea hayakuwa utani, na kwamba utani baina yetu umekwisha.

"Umekuja kudai urithi?" baba akamwuliza. Maneno yalikuwa ya utani, uso haukuwa.

"Mimi nilijua atarudi," Masanja akasema. Alikuwa akiigeuzageuza kofia. "Kwani yule wa ghalani hakurudi? Si mtoto alisoma? Na mwenyewe kila Jumapili alikuwa anasema, mtoeni. Nikamtoa. Nilijua nitamleta mimi, kwenye kiti kile cha mbele, anitukane njia nzima."

Baba aligeuka akanitazama. Nilidhani atauliza habari za kitabu. Akasema tu, "Mtoto alisoma alichopewa." Kisha akamgeukia Masanja. "Nenda nyumbani, Masanja. Ulikuwa na kinywa cha kunitania, ungekuwa na kinywa cha kuniambia."

"Nilikwambia."

"Uliniambia nicheke."

Masanja akavaa kofia, akaichukua baiskeli, akateremka akiikokota.

Nataka niwe mkweli kwa wanaosoma haya, maana nimefundishwa tangu utoto kwamba shukrani isiyo na ukweli ni kelele. Nyumbani kwetu, zaidi ya mama, hakuna mwingine aliyeugua. Mama aliishi mpaka akawaona wajukuu. Kisima kilitiwa dawa na kijiji kikapona. Wale wafunika-pua walikuwa vijana waliochoka, waliofanya kazi ambayo sisi tusingeweza, na nimewaombea mara nyingi kuliko bibi alivyomwombea yule mwanamke wa karatasi. Pengine bibi angekufa hata chumba cha ndani, pengine angekufa mapema zaidi na kuondoka na mama. Najua hayo yote. Nimeyaweka mbele za Mungu mwaka baada ya mwaka, na ameniwezesha kuamka asubuhi bila chuki. Lakini kila nikiyapanga vizuri, ukutani mwa moyo pana mahali ambapo baiskeli ilikuwa inaegemezwa, na mahali hapo pako wazi.

Masanja alihama milimani. Alikwenda kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, kukaa na mwanawe, na hatukumwona tena akiwa hai. Nilikuwa nimeshapata kipaimara tulipopata habari kwamba amefariki, kifo cha uzee, kitandani kwake. Mama alidhani baba hatakwenda. Baba alivaa koti lake la kanisani, akaniambia nimfuate.

Tulifika mwili ukiwa umeshatolewa nje. Mjane wake alipomwona baba alishika kinywa. Watu walimpisha, wakaulizana huyu nani, mtu mmoja akasema kwa furaha, "Mtani wa marehemu! Mkaguru! Ametoka milimani!" Pakachangamka, kama inavyokuwa msiba unapopata mtani wake. Kaburini wakamsogezea baba jembe, wakamngoja aanze.

Baba alisimama ukingoni mwa kaburi, akaliangalia jeneza.

"Msaliti," akasema. "Msaliti mkubwa wewe. Leo tumekupata."

Watu wakaangua kicheko. Wanawake walicheka wakipangusa machozi, vijana wakapiga makofi, mmoja akasema, "Huyo ndiye mtani!" Nilimtazama mjane, hakucheka. Nikamtazama baba, naye alikuwa bado analiangalia jeneza. Katika umati ule wote tulikuwa watatu tuliosikia alichosema.

Kisha akavua koti akanipa, akashuka kaburini. Wakamteremshia jeneza kwa kamba, naye akalipokea kwa mikono miwili upande wa kichwa, taratibu, akalilaza, akaliweka sawa, akaondoa bonge la udongo lililokuwa limeegemea ubavuni. Alikaa chini mle muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Vijana wawili wakampa mikono akapanda. Mjane akaja na maji akamnawisha, kidole kwa kidole, na baba akamwachia mikono yake.

Tulirudi kwa miguu mpaka njia kubwa. Nilimbebea koti. Tuliviacha vilio nyuma na mashamba ya watu wengine yakaanza. Akasimama kana kwamba kuna mtu amemwita.

"Nimempokea vizuri," akasema. "Umeona? Nimempokea vizuri, hakugonga hata ukingo."

"Nimeona, baba."

Aliitazama mikono yake.

"Na mama yangu, kule bondeni, alipokelewa na nani?"